Ni Nini Kilicho Chini? Utambuzi wa Hitilafu ya Kihisio cha Shinikizo la Oili ya Giaboksi katika Gereji za Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, mkulima wa Kieni anajua vyema kuwa wingu linaweza kutanda juu ya Mlima Kenya kutwa nzima na upande wake usipate hata tone. Dalili ni kitu kimoja na jambo lenyewe ni kitu kingine. Kazi ya mwenye ujuzi ni kupima umbali uliopo kati ya hivyo viwili.

Makala haya yanalichunguza suala hilo katika uwanja ambao wanafunzi wa Kiswahili huutembelea kwa nadra, yaani gereji. Tumechagua hitilafu moja mahsusi: ile inayoripotiwa na kihisio cha shinikizo la oili ya giaboksi katika gari la gia otomatiki. Hitilafu hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni ghali ikitambuliwa vibaya. Kihisio kinaweza kununuliwa kwa maelfu machache ya shilingi, ilhali giaboksi nzima, hata iliyotumika, hugharimu makumi ya maelfu au zaidi. Mwalimu, mkulima wa majani chai au mchuuzi wa viazi anayeambiwa abadilishe giaboksi bila ya sababu hupoteza akiba ya mwaka mzima. Pili, chanzo kimojawapo cha makosa katika utambuzi huu ni cha kilugha. Fundi na mteja hutumia neno moja, “chini”, kwa mambo matatu tofauti, na hakuna anayegundua kuwa wameelewana nusu nusu.

Nia yetu basi ni kueleza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, jinsi hitilafu hii inavyotambuliwa, na kuonyesha namna istilahi na ngeli za Kiswahili zinavyoweza kumsaidia mwenye gari na fundi wake. Hatudai kwamba sarufi itatengeneza gari. Tunadai tu kwamba inaweza kuzuia gari lisitengenezwe mahali ambapo halikuharibika.

Mazingira ya Mlimani na Magari Yake

Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru ni miji inayouzunguka Mlima Kenya au kutazamana nao. Barabara zake hazina tambarare ndefu. Gari linalotoka Sagana kwenda Nyeri hupanda zaidi ya mita 500, na likiendelea hadi Nanyuki, mji uliopo kwenye mstari wa Ikweta, hupanda zaidi. Ukiacha lami kuelekea maeneo ya majani chai ya Othaya na Tetu, utakutana na miteremko mikali, utelezi wa udongo mwekundu na ukungu wa Julai. Aidha, hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo injini isiyo na tabo hupungukiwa na nguvu. Dereva hukanyaga kichapuzi zaidi, giaboksi hufanya kazi zaidi, na oili yake hupata joto zaidi.

Magari mengi yanayopita humo ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Kanuni za Kenya haziruhusu gari la namna hiyo kuingizwa nchini likiwa limepitisha miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Matokeo yake ni kuwa teknolojia ya Japani hufika Nyeri ikiwa imechelewa kwa miaka michache tu. Toyota Probox, ambayo ilianza kuundwa mwaka wa 2002 na ambayo leo hubeba abiria, viazi na kabeji katika miji hii, ilikuwa na giaboksi ya otomatiki ya kawaida hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2014, ndipo ikapewa giaboksi ya makapi na mkanda. Fundi aliyejifunza kazi kwa magari ya klachi na gia ya mkono amelazimika kuwa mwanafunzi tena.

Wengi wa mafundi hao ni wa jua kali, sekta ambayo ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotolewa mwaka wa 1972, iliifanya ijulikane duniani kote. Wapo waliopitia vyuo vya ufundi, ambako mafunzo hutolewa kwa Kiingereza, na wapo waliojifunza kwa kushika spana kando ya fundi mkuu. Katika gereji moja utasikia Kikuyu, Kiswahili, Sheng na Kiingereza kabla ya boneti kufunguliwa. Kimeru na Kiembu huongezeka kadiri unavyozunguka mlima. Mteja akiwa mgeni, Kiswahili ndicho daraja.

Kazi ya Oili na Shinikizo Lake

Ili kuelewa kihisio, sharti tuelewe kwanza kile kinachohisiwa. Katika gari la gia ya mkono, mguu wa dereva hutenganisha injini na giaboksi kwa klachi, na mkono wake huchagua gia. Katika gari la otomatiki, kazi ya mguu na mkono hufanywa na oili.

Nguvu ya injini huingia kwanza katika chombo cha mviringo chenye magurudumu mawili ya mapanga yanayotazamana ndani ya oili. Chukua mapangaboi mawili uyaweke uso kwa uso, kisha uwashe moja: upepo wake utalisukuma la pili hadi nalo lizunguke. Ndivyo inavyokuwa hapa, ila badala ya upepo pana oili. Ndiyo sababu gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye taa za barabarani bila ya injini kuzimika.

Baada ya hapo kuna pampu inayozungushwa na injini. Pampu huisukuma oili kwenye vijia vyembamba vilivyochongwa ndani ya bamba la vali. Kompyuta ya giaboksi hufungua na kufunga vali hizo kwa umeme, na oili inayopita huzibana klachi ndogo ndogo za ndani. Klachi hii ikibanwa, gari huwa katika gia ya kwanza. Ile ikibanwa, huingia gia ya pili. Oili hiyo basi hufanya kazi tatu kwa pamoja: hulainisha, hupoza, na hushika. Ni hii ya tatu inayohitaji shinikizo. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa shinikizo la takriban kilopaskali 200. Ndani ya giaboksi ya otomatiki, shinikizo la oili kwa kawaida ni la kilopaskali mia kadhaa hata gari likiwa limesimama, na hupanda dereva anapokanyaga kichapuzi.

Katika giaboksi ya makapi, mahitaji ni makubwa zaidi. Humo hamna gia za kuhesabika. Kuna makapi mawili yaliyounganishwa na mkanda wa chuma, na kila kapi linaweza kutanuka au kujibana ili mkanda upande au ushuke. Neno kapi halikuundwa gereji. Mabaharia wa pwani wamelitumia tangu zamani kwa gurudumu linalopitisha henza ya kutwekea tanga. Katika giaboksi, kinachoyabana makapi yasiuachie mkanda ni shinikizo la oili peke yake. Shinikizo likipungua kwa muda mfupi tu gari likiwa na mzigo mlimani, mkanda huteleza na kukwaruza uso wa kapi, na kidonda hicho hakiponi.

Kihisio na Misimbo Yake

Kwa kuwa shinikizo lina umuhimu huo, watengenezaji huweka kihisio cha kulichunga. Kipo cha aina mbili. Aina ya kwanza ni swichi tu: shinikizo likifika kiwango fulani inafunga, likishuka inafungua. Swichi hujibu ndiyo au la. Aina ya pili ni kihisio halisi, ambacho hupokea umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta na kuurudisha kwa kipimo kinachobadilika kulingana na shinikizo. Katika vingi vya aina hii, shinikizo likiwa sufuri ishara huwa karibu na nusu volti, na likiwa juu kabisa huwa karibu na volti 4.5. Huwa na nyaya tatu: waya wa umeme unaoingia, waya wa ardhi, na waya wa ishara. Baadhi ya giaboksi, kama vile kadhaa za Honda, zina swichi zilizofungwa kwa nje, nazo hubadilishwa kwa urahisi. Nyingine zina kihisio ndani, nyuma ya bakuli la oili, na kukifikia ni kazi ya nusu siku.

Kompyuta isiporidhika na ishara hiyo, huwasha taa kwenye dashibodi na kuhifadhi msimbo. Mara nyingi pia huliingiza gari katika hali ya kuchechemea: gia hubaki moja, uondokaji huwa mzito, na mlima wa kuingia mjini huwa safari ndefu. Mfumo wa pamoja wa misimbo uliwekwa kuwa lazima nchini Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka wa 1996, na baadaye ukaenea. Misimbo inayotuhusu ni hii ifuatayo.

P0840 inasema kuwa kuna kasoro katika saketi ya kihisio cha kwanza cha shinikizo. P0841 inasema kuwa usomaji wa kihisio hicho hauingiliani na yanayotarajiwa. P0842 inasema kuwa ishara ya umeme iko chini mno. P0843 inasema kuwa ishara ya umeme iko juu mno. P0844 inasema kuwa ishara inakuja na kupotea. Misimbo ya P0845 hadi P0849 inarudia mambo hayo hayo kwa kihisio cha pili. Kando na hiyo upo P0868, unaosema kuwa shinikizo lenyewe la oili limeshuka. P0700 haitaji kasoro yoyote. Hutangaza tu kuwa kompyuta ya giaboksi ina jambo la kusema.

Msomaji na atue hapa kidogo. P0842 na P0868 zote mbili zinataja kitu kilicho chini. Ya kwanza inazungumzia umeme ndani ya waya. Ya pili inazungumzia nguvu ya oili ndani ya giaboksi. Moja inaweza kuponywa kwa kukausha soketi iliyoingia maji, na nyingine inaweza kudai pampu mpya. Fundi mwenye haraka husoma neno la Kiingereza lenye maana ya “chini” kwenye kioo cha mashine yake, kisha humgeukia mteja na kusema, “Presha iko chini.” Tangu hapo, safari ya kwenda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, yenye maduka mengi ya vipuri na ambayo imebeba jina la mlima wenyewe, imekwisha kuanza.

Hatua za Utambuzi

Msimbo ni ushahidi, si hukumu. Wasomaji wa riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, zilizoanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka wa 1960, wanamjua Bwana Msa kama mpelelezi asiyeridhika na maelezo ya kwanza anayopewa. Fundi mwema hufuata mwendo uo huo, kutoka kwa yaliyo rahisi na yasiyo na gharama hadi kwa yaliyo magumu.

Hatua ya kwanza ni kumsikiliza dereva. Taa iliwaka lini? Gari likiwa baridi asubuhi au baada ya kupanda mlima? Je, lilioshwa siku hiyo kwa maji ya nguvu, injini ikiwemo? Je, oili ilibadilishwa hivi karibuni, na ilikuwa ya aina gani? Je, betri ilikuwa dhaifu hata gari likawashwa kwa nyaya za gari jingine? Betri dhaifu huweza kuzua misimbo isiyokuwa na msingi. Aidha, kwa magari yanayolala karibu na ghala la mahindi, swali la panya si la mzaha, kwani panya hutafuna nyaya.

Hatua ya pili ni kusoma misimbo yote na kuiandika kabla ya kuifuta. Mashine nyingi za bei nafuu husoma kompyuta ya injini peke yake, nayo ya giaboksi ikabaki kimya. Kwa hiyo jibu la “hakuna msimbo” lisipokelewe bila ya kuuliza mashine ilisoma nini. Msimbo wa kihisio ukiwa peke yake, shaka huelekea kwenye kihisio na nyaya. Ukiandamana na misimbo ya uwiano wa gia usio sahihi au ya joto kupita kiasi, shaka huelekea kwenye giaboksi yenyewe.

Hatua ya tatu ni kuichunguza oili. Gari lisimame mahali pa sawa, jambo ambalo katika miji ya milimani linahitaji kutafutwa, na oili ipimwe ikiwa katika joto lililotajwa na mtengenezaji. Baadhi ya magari hupimwa injini ikiunguruma na mengine ikiwa imezimwa, na mengi ya sasa hayana kijiti cha kupimia, ila kizibo cha chini. Kiwango kikipungua, pampu huvuta hewa pamoja na oili, na shinikizo huyumba, hasa kwenye mteremko. Rangi nyeusi na harufu ya kuungua ni dalili ya klachi zilizolika. Chembe za chuma ni dalili mbaya zaidi. Aina ya oili nayo ni muhimu: oili ya giaboksi ya kawaida ikitiwa katika giaboksi ya makapi huweza kuiharibu, hata kama kiwango ni sahihi.

Hatua ya nne ni macho na vidole. Fundi huchomoa soketi ya kihisio na kutazama kama mna maji, kutu au oili. Oili iliyovuja kupitia kihisio kilichopasuka huweza kupanda polepole ndani ya waya hadi mbali. Kisha hutikisa nyaya taratibu huku msaidizi akitazama kioo cha mashine. Usomaji ukirukaruka kwa kila mtikiso, P0844 imepata maelezo yake.

Hatua ya tano ni kupima umeme. Swichi ya gari ikiwa imewashwa na injini imezimwa, waya unaoingia unapaswa kuwa na volti 5 au karibu na hapo, na waya wa ardhi uwe na njia safi ya kurudi. Ikiwa volti 5 hazifiki, kihisio hakina kosa lolote. Tatizo liko nyuma yake. Kisha kuna jaribio ambalo uzuri wake ni wepesi wake. Injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa, pampu haizunguki, na kwa hiyo shinikizo la oili ni sufuri au karibu na sufuri. Fundi anaijua kweli hiyo bila ya kuambiwa na yeyote. Sasa na akitazame kihisio kinasema nini kwenye kioo. Kikisema kuna shinikizo kubwa, kimejifichua. Huu ni ustadi wa kale wa kumhoji shahidi kwa swali ambalo jibu lake unalijua.

Hatua ya sita ndiyo ya kukata shauri. Giaboksi nyingi zina kizibo kidogo cha kupimia shinikizo. Fundi hukifungua, hufunga geji ya mkono yenye mpira mgumu, huwasha injini, na kulinganisha sindano ya geji na usomaji wa kihisio, gia ikiwa katika kila nafasi. Kazi hii ina hatari. Oili hiyo ina joto la kubabua na shinikizo la kurusha, kwa hiyo magurudumu yazuiwe kwa vigingi, breki ya mkono ivutwe, na mtu asilale chini ya gari linalounguruma likiwa kwenye gia. Vipimo sahihi ni vile vya kitabu cha gari husika, wala havifanani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine.

Matokeo ya hatua hii ni mawili makuu. Geji ikionyesha shinikizo la kawaida ilhali kihisio kinasema vingine, kihisio au nyaya zake ndizo zenye kasoro, na giaboksi ni nzima. Geji ikionyesha shinikizo dogo kama kihisio kinavyosema, kihisio kimesema kweli. Kukibadilisha itakuwa ni kumfukuza mjumbe kwa sababu ya ujumbe. Hapo fundi huendelea na chujio, vali, pampu na klachi.

Kielelezo cha Magari Mawili

Tuchukue kielelezo cha kubuni. Gari la kwanza limefika gereji moja ya Karatina likichechemea. Lina P0842 peke yake. Dereva anaeleza kuwa lilioshwa asubuhi baada ya kutoka katika tope la Othaya. Oili ni safi na kiwango chake ni sahihi. Soketi ya kihisio imejaa maji. Inakaushwa, msimbo unafutwa, na gari linajaribiwa kwenye mlima. Shinikizo halikuwa na tatizo hata kwa sekunde moja.

Gari la pili liko Nanyuki. Lina P0868 pamoja na msimbo wa uwiano wa gia, na dereva anasema injini hupaza sauti mlimani bila ya gari kuongeza mwendo. Oili ni nyeusi na inanuka kuungua. Geji inaonyesha shinikizo dogo kuliko la kitabu. Mwenye gari amekwisha kununua vihisio viwili, na vyote viwili vimesema neno lile lile kwa sababu neno hilo ni kweli.

Wenye magari haya wawili wangekutana kwenye mkahawa wa Chaka, kila mmoja angemwambia mwenzake, “Fundi amesema iko chini.” Wangeagana wakiamini kuwa wana ugonjwa mmoja, na huenda wangeshauriana tiba moja. Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anapopata kazi.

Istilahi, Ngeli na Mfuko wa Mteja

Tukizingatia usemi wa kawaida wa gereji za bara, maneno matatu yanayohusika ni “oili”, “presha” na “stima”. Yote matatu ni ya mkopo, na kama ilivyo desturi ya mikopo mingi, yameingia katika ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo fundi husema: oili iko chini, presha iko chini, stima iko chini. Kisarufi hajakosea hata kidogo. Lakini katika mazungumzo nomino hudondoshwa upesi. Kinachobaki ni “iko chini”, na kiambishi “i-” hakimwambii msikilizaji ni lipi kati ya mambo matatu linalosemwa.

Linganisha na istilahi ambazo Kiswahili tayari kinazo. Kiwango cha oili kiko chini. Shinikizo la oili liko chini. Umeme wa ishara uko chini. Nomino ikidondoshwa, viambishi vinabaki vikishuhudia: kiko, liko, uko. Kila kimoja kinaelekeza kwenye tiba yake. “Kiko chini” kinadai oili iongezwe na mvujo utafutwe. “Liko chini” linadai geji, chujio na pampu. “Uko chini” unadai multimita na soketi. Upatanisho wa kisarufi, ambao wengi wetu tuliufundishwa kama zoezi la kujaza mapengo, hapa unafanya kazi ya uhandisi. Hata Kiingereza cha mashine, kinapofupisha maelezo na kuacha neno moja tu la “chini”, hakina kinga ya namna hii.

Kuna maneno mengine yanayohitaji tahadhari. “Presha” kwa Wakenya wengi ni ugonjwa wa shinikizo la damu kabla ya kuwa jambo la gari. Watu wengine humwita msimbo “kodi”, wakaacha msikilizaji akifikiria ushuru au pango la nyumba. “Sensa” ni hesabu ya watu kabla ya kuwa kifaa. Muktadha huondoa utata mwingi wa aina hii, na si nia yetu kuwapokonya mafundi maneno yao. Neno lililozoeleka lina thamani yake, na “giaboksi” yenyewe ni ushahidi kuwa mkopo unaweza kuwa raia kamili. Kwa upande wa shinikizo, wataalamu wa fizikia wana pia “kanieneo”, neno lililoundwa kwa “kani” na “eneo”, nalo lina sifa ya kujieleza. Tumependelea “shinikizo” kwa sababu mteja amekwisha kulisikia hospitalini na redioni, na kwa sababu ngeli yake ya LI-YA inalitofautisha na majirani zake.

Ikumbukwe kuwa kikwazo si uwezo wa mafundi. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya, na Katiba ya mwaka wa 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Fundi wa leo ameandika insha na kuchambua sentensi. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kuwa somo lile na spana hii vinakutana.

Hitimisho

Tumeona kuwa kihisio cha shinikizo ni shahidi anayeweza kusema kweli, kukosea, au kunyamazishwa na waya uliokatika. Utambuzi wa haki humtaka fundi aanze kwa kusikiliza, aendelee kwa oili, nyaya na umeme, na amalize kwa geji ya mkono kabla ya kutamka kuwa giaboksi imekufa. Tumeona vilevile kuwa neno moja lisilo na mwenyewe huweza kumgharimu mtu giaboksi nzima.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mwenye gari anayeambiwa kuwa “iko chini” aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha: Kiwango kikoje? Shinikizo likoje kwa geji? Umeme ukoje? Fundi aliyepima atajibu yote matatu bila ya kukasirika, na asiyepima atajulikana. Pili, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya eneo hili, kikiwemo Chuo Kikuu cha Karatina, vishirikiane na walimu wa ufundi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na mafundi wa jua kali wenyewe ili kukusanya istilahi za gari la otomatiki, kuzichuja kwa kuzitumia gerejini, na kuzibandika ukutani kwenye karatasi moja ambayo fundi na mteja wanaweza kuisoma pamoja. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, subira, na utayari wa kupaka mikono oili.